Kidonge cha mkojo: Dawa ya presha inayoachwa kwa sababu ya choo

MKAZI wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayeugua shinikizo la damu ana hesabu ambayo daktari haioni anapoandika dawa. Ameambiwa ameze kidonge kila asubuhi, na kidonge chenyewe humpeleka haja ndogo mara kwa mara. Asubuhi hiyo hiyo yumo kwenye foleni ya feri akielekea kisiwani, au ndani ya matatu iliyokwama kabla ya daraja la Nyali, au yuko zamu bandarini ambako msimamizi hapendi kuona mtu akiondoka kila baada ya nusu saa. Choo kikipatikana ni cha kulipia.

Basi mgonjwa hupitisha uamuzi wake kimyakimya. Siku za kazi kidonge hubaki ndani ya pakiti. Humezwa Jumapili, au siku mbili kabla ya kliniki ili kipimo kisimwaibishe mbele ya muuguzi. Naye daktari, akiona kipimo kinapanda na kushuka pasipo sababu, huongeza dawa nyingine juu ya ile isiyomezwa.

Makala haya yanahusu kidonge hicho, ambacho ni miongoni mwa dawa kongwe na za bei nafuu kabisa katika tiba ya maradhi haya. Aghalabu huachwa kabla ya kupewa nafasi ya kufanya kazi, na sababu za kukiacha, nyingi ya hizo, zina suluhu.

Kwanza tuondoe utata wa lugha. Sisi wa magazeti huandika "shinikizo la damu", ilhali barazani na sokoni watu husema "presha". Neno hilo la pili limebeba mzigo mwingine: mtu mwenye wasiwasi wa karo au kodi ya nyumba naye husema ana presha. Matokeo yake ni kwamba wagonjwa wengi huamini maradhi haya ni ya mawazo, na kwamba mambo yakitulia ugonjwa nao huondoka. Wako pia wanaozungumzia "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" kana kwamba ni maradhi pacha. Linalozungumziwa hapa ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa, nguvu ambayo imepanda na kukataa kushuka, awe mtu ana furaha au huzuni.

Nguvu hiyo hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa tarakimu mbili. Ya juu ni ya wakati moyo unapojikaza na kusukuma damu, ya chini ni ya wakati moyo unapopumzika. Mtu mzima ambaye vipimo vyake, katika siku tofauti, hufikia 140 kwa 90 au kuzidi huhesabiwa kuwa na maradhi haya. Mara nyingi hahisi chochote. Kichwa hakimuumi, macho hayafifii, na kazi anaifanya kama kawaida. Miaka inapita huku mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho ikichakaa, hadi siku atakapoamka upande mmoja wa mwili umekufa ganzi na maneno hayatoki.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukizwa ulionyesha kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya Wakenya waliohojiwa, asilimia 56, walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hivyo basi anayejua hali yake na kuandikiwa dawa tayari amewatangulia wengi. Kuiacha dawa hiyo kwa sababu ya foleni ni hasara maradufu.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka wa 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika eneo la Kavirondo Kusini magharibi mwa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima Waafrika wapatao 1,000. Alieleza kwamba shinikizo lao halikupanda kadiri umri ulivyosonga kama ilivyokuwa kwa Wazungu, na kwamba maradhi haya hakuyakuta hospitalini mwake. Leo wajukuu wa watu hao wanapanga foleni za kliniki za presha kutoka Kisumu hadi Mombasa.

Ni nini kilichobadilika? Jibu moja lilipatikana humu humu nchini. Mwaka wa 1990 jarida la matibabu la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliowafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Katika muda wa miezi michache tu baada ya kufika mjini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: sodiamu, ambayo ni sehemu kuu ya chumvi, ilikuwa imeongezeka, huku potasiamu, madini yapatikanayo kwa wingi katika matunda, mboga na nafaka za kunde, ikipungua.

Utafiti huo hauhusu Nairobi pekee. Changamwe, Chaani, Mikindani na sehemu kubwa ya Likoni zilijengwa na watu waliohama kutoka bara na kutoka mashamba ya Kwale, Kilifi na Taita kufuata kazi za bandari, reli na viwanda. Wenyeji wa asili nao hawakusalimika, kwani chakula cha mji kimewafuata hadi mlangoni.

Hapo ndipo kidonge cha mkojo kinapoingia. Kazi yake ya kwanza hufanyika ndani ya figo. Figo huchuja damu mchana na usiku, na sehemu kubwa ya chumvi inayochujwa hurudishwa mwilini. Dawa hii huziba mojawapo ya njia za kuirudisha. Chumvi hutoka na mkojo, nayo maji huifuata. Damu iliyomo mishipani hupungua kiasi, na msukumo hushuka.

Lakini hiyo ni nusu tu ya habari, na nusu ya pili ndiyo ambayo wagonjwa hawaelezwi. Safari nyingi za chooni huwa za siku na majuma ya mwanzo. Mwili huizoea dawa, kiasi cha mkojo hukaribia kile cha kawaida, lakini shinikizo hubaki chini. Katika kipindi hicho cha pili mishipa ya damu yenyewe hulegea na kutanuka, jambo ambalo wataalamu hawajamaliza kulifafanua ijapokuwa hulishuhudia kila siku. Anayeiacha dawa baada ya siku nne kwa kuwa "inakojosha mno" huwa ameonja uchungu wake bila kungoja tamu yake. Na anayeimeza Jumapili kwa Jumapili hujirudisha kila mara kwenye siku ile ya kwanza.

Dawa yenyewe, iliyo maarufu zaidi katika vituo vyetu, ni haidroklorothiazidi, ambayo kwenye pakiti hufupishwa HCT au HCTZ. Ndugu zake ni klothalidoni na indapamidi. Ya kwanza ya ukoo huu, klorothiazidi, ilianza kutumika mwaka wa 1958. Kabla yake, aliyehitaji kutolewa maji mwilini alidungwa sindano za dawa zilizotengenezwa kwa zebaki, ambazo zilikuwa na sumu. Kidonge cha kumeza nyumbani kilikuwa mapinduzi.

Wapo wanaodhani kwamba dawa kongwe na rahisi hupewa maskini, na kwamba wenye uwezo huandikiwa kitu bora zaidi. Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka wa 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kwa zaidi ya wagonjwa 33,000 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, ambao zaidi ya thuluthi moja yao walikuwa Weusi. Klothalidoni ililinganishwa na dawa mpya na ghali za wakati huo. Katika kuzuia mshtuko wa moyo na vifo vinavyotokana nao, hakuna dawa mpya iliyoishinda, na katika kuzuia moyo kushindwa kufanya kazi klothalidoni iliongoza. Miongoni mwa wagonjwa Weusi, waliotumia lisinoprili walipata kiharusi zaidi kuliko waliotumia kidonge cha mkojo.

Hata hivyo, dawa moja mara nyingi haitoshi. Mwaka wa 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowashirikisha wagonjwa 728 Weusi kutoka nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Walipewa dawa mbilimbili. Jozi zilizokuwa na amlodipini, mojawapo ikiwa amlodipini na kidonge cha mkojo, zilishusha shinikizo kuliko jozi isiyokuwa nayo. Ndiyo maana mgonjwa wa Port Reitz au wa kituo cha afya cha Mlaleo anaweza kutoka na pakiti mbili mkononi. Pakiti ya pili haimaanishi kwamba hali yake imekuwa mbaya.

Amlodipini nayo ina jambo lake linalozua mkanganyiko. Kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu kwenye vifundo. Mgonjwa akiona hivyo hudhani figo zimeharibika au maji yamejaa mwilini, na jirani mwenye huruma humpa vidonge vyake vya furosemaidi. Hilo ni kosa. Uvimbe huo hutokana na kutanuka kwa mishipa midogo, na dawa ya mkojo hausaidii sana. Isitoshe, furosemaidi ni dawa ya namna nyingine kabisa. Hukamua maji kwa nguvu na kwa muda mfupi, na mahali pake hasa ni kwa wagonjwa wa moyo uliolegea au figo zilizodhoofika. Kwa presha ya kawaida si mbadala wa haidroklorothiazidi, hata kama zote mbili huitwa "za mkojo".

Turudi kwenye foleni. Haidroklorothiazidi huanza kuongeza mkojo kama saa mbili baada ya kumezwa, hufikia kilele karibu na saa ya nne, kisha hupungua polepole. Kazi yake ya kuteremsha shinikizo hudumu muda mrefu zaidi ya hapo. Kwa hesabu hiyo, anayemeza saa kumi na moja alfajiri atasumbuliwa zaidi mnamo saa tatu asubuhi. Ikiwa saa hiyo amekwisha fika kazini kwenye choo, hana tatizo. Ikiwa ni dereva, utingo, mwendeshaji wa bodaboda au mchuuzi asiye na pa kujisitiri, yafaa azungumze na daktari kuhusu kusogeza saa, mathalani ameze anaporudi nyumbani alasiri, mradi kilele kipite kabla hajalala. Mlinzi wa usiku na mfanyakazi wa zamu bandarini humeza anapoamka, iwe ni saa ngapi. Lililo muhimu ni saa hiyo iwe ileile kila siku.

Tatizo ni kwamba mazungumzo haya hayafanyiki. Mgonjwa huona haya kumwambia daktari kijana kwamba tatizo lake ni choo, naye daktari ana watu arubaini wanaomngoja nje. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na methali hiyo inafaa pia kwa jambo jingine ambalo wanaume hawalisemi kabisa: dawa hii inaweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi yao. Maradhi yenyewe ya presha, na kisukari kinachoandamana nayo mara nyingi, huleta dosari hiyo hiyo. Lakini mwanamume anayeona mabadiliko baada ya kuanza kidonge asikitupe kimyakimya. Zipo dawa nyingine za kubadilisha nazo.

Yapo madhara mengine yanayostahili kujulikana. Pamoja na chumvi, dawa hii huondoa potasiamu. Mtu hukakamaa misuli ya miguu usiku, huchoka bila sababu, au huhisi moyo ukidunda ovyo. Kwa wazee, sodiamu inaweza kushuka mno na kuwaletea kuchanganyikiwa ambako familia hudhani ni uzee tu. Inaweza kupandisha sukari kidogo, na kuchochea jongo kwa mwenye maradhi hayo. Kwa hiyo kipimo cha damu cha figo na madini hupendekezwa baada ya majuma machache ya kuanza, na tena mara kwa mara. Mama mjamzito, au anayepanga kushika mimba, amwambie daktari mapema kwani dawa zake huwa tofauti.

Joto la pwani linaleta swali lake. Anayetokwa na jasho siku nzima juani huku anameza kidonge cha mkojo anapoteza maji kwa njia mbili. Wengine, wakidhani wanaisaidia dawa au wakikimbia choo, hupunguza maji ya kunywa. Hiyo ndiyo njia ya kuanguka kwa kizunguzungu. Maji yanywewe kwa kiu na kwa kazi, isipokuwa kwa mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo na daktari. Na ukizuka ugonjwa wa kuhara na kutapika, jambo lisilo geni katika mitaa yetu, mgonjwa asiendelee kumeza kidonge hicho huku maji yakimtoka. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, aseme anatumia dawa gani, aelekezwe kama aisitishe kwa siku chache.

Adui mwingine hununuliwa dukani bila maswali. Dawa za maumivu za ukoo wa ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wabeba mizigo na mafundi humeza kwa ajili ya mgongo, huzuia chumvi isitoke, hupandisha shinikizo na kuidhoofisha dawa ya mkojo. Zikitumiwa pamoja nayo kwa muda mrefu zinaweza kuziumiza figo. Mwenye presha anayeumwa mgongo heri aanze na parasetamoli na aeleze tatizo lake kliniki.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo kiini cha yote haya. Kidonge cha mkojo hutoa chumvi. Mtu akiingiza nyingine kwa wingi uleule, dawa huwa kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja bila kuziba tundu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Hesabu hiyo ni ya chumvi yote, pamoja na ile asiyoiona.

Na asiyoiona pwani ni nyingi. Imo katika ng'onda na papa mkavu, samaki waliohifadhiwa kwa chumvi tangu enzi za majahazi. Imo katika achari, katika kachiri za mhogo, katika mkate wa dukani na katika viungo vya mchuzi vya pakiti ambavyo mpishi huvitia juu ya chumvi aliyokwisha tia. Viazi vya karai na mhogo wa kuchoma huuzwa vikiwa vimenyunyiziwa chumvi na pilipili. Ndimu na pilipili peke yake vingetosha, na muuzaji hakatai akiombwa. Ng'onda anaweza kulowekwa, maji yakamwagwa mara mbili au tatu kabla ya kupikwa. Hapungui utamu kiasi cha kumkosesha mtu raha.

Kuna mahali pengine ambapo chumvi hupita bila kushtukiwa, napo ni kwenye mtungi. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, maeneo yote yaliyo nje ya kaunti, na hayatoshi. Katika mitaa mingi ya Kisauni na Likoni watu hutegemea visima na maji ya mikokoteni. Mengi ya maji ya visima vya ufuoni yana ladha ya chumvi kwa sababu maji ya bahari hupenya katika mwamba wa matumbawe na kuchanganyika na maji matamu. Ulimi wa mwanadamu huanza kuitambua ladha hiyo sodiamu inapofikia takriban miligramu 200 kwa lita. Anayekunywa lita mbili za maji ya kiwango hicho ameingiza miligramu 400 za sodiamu, sawa na gramu moja ya chumvi, yaani sehemu ya tano ya kipimo cha siku nzima, kabla hajatia tonge mdomoni. Yakiwa ya chumvi zaidi, hesabu hupanda.

Kuyachemsha hakusaidii hapa. Moto huua vijidudu lakini huacha chumvi yote ndani ya sufuria. Nyumba yenye mgonjwa wa presha inaweza kuyatenga maji: ya kisima kwa kufua, kuoga na kusafisha, yale matamu kwa kunywa na kupika, hata kama ni mtungi mmoja tu wa kununua. Najua mtungi huo una bei na kwamba bei hupanda mifereji inapokauka. Ila kati ya vitu vinavyonunuliwa kwa jina la afya katika mitaa hii, sijui kingi kinachostahili gharama yake kuliko huo.

Upande wa pili wa mizani ni potasiamu, na hapa chakula cha pwani kina neema. Mbaazi, kunde, mchicha, ndizi, viazi vitamu, machungwa na madafu vyote vinayo. Mahamri kwa mbaazi ni kifungua kinywa kizuri mradi mpishi asitie chumvi kwa mkono mzito. Nchini Uchina, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 uliwahusisha karibu watu 21,000 katika vijiji 600. Waliopikia chumvi ambayo robo yake ilibadilishwa kwa chumvi ya potasiamu walipata kiharusi kidogo kuliko wenzao, kwa tofauti ya asilimia 14. Tahadhari ni moja: mwenye figo dhaifu, au anayetumia spironolaktoni, enalaprili au losatani, asijiongezee potasiamu, iwe ya pakiti au ya madafu mengi, kabla ya kupimwa damu. Dawa hizo, tofauti na haidroklorothiazidi, huihifadhi mwilini.

Mengine yanajulikana na sitayarefusha. Kupunguza uzito, hata kilo chache, hushusha shinikizo. Mwendo wa haraka wa nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, unatosha, na anayeshuka matatu kituo kimoja kabla ya chake ameanza. Mnazi na pombe nyinginezo huipandisha presha, na sigara huharibu mishipa ile ile inayopigwa na presha. Muguka unahitaji kutajwa kwa jina. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku Mei 2024, na mahakama ikasimamisha agizo hilo, mjadala ulihusu zaidi vijana na biashara. Machache yalisemwa kuhusu moyo, ilhali muguka na miraa, ambao ni mmea mmoja, vina kemikali inayoharakisha mapigo na kukaza mishipa. Anayetafuna jioni nzima kisha akameza kidonge asubuhi anavuta kamba pande zote mbili.

Mwarobaini, mlonge na kitunguu saumu navyo vina wapenzi wengi. Kitunguu saumu ndani ya mchuzi hakina ubaya. Ubaya huanza pale muuzaji anapomwambia mgonjwa kwamba chupa tatu zitaiponya presha na vidonge havihitajiki tena. Kipimo kilichoshuka kwa mtu anayetumia dawa kimeshushwa na dawa, na akiiacha hupanda tena, kwa kawaida bila kumpigia hodi.

Kuhusu kupimwa, kuna kichekesho kidogo. Kibofu kilichojaa hupandisha kipimo. Mgonjwa aliyemeza kidonge alfajiri, akakaa kwenye benchi la kliniki saa tatu akijizuia asije akapoteza nafasi yake, hupimwa akiwa na shinikizo lisilo lake. Aende haja kwanza, akae kitako dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, bila mazungumzo. Si lazima angoje kliniki. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii waliosajiliwa na serikali walianza kupewa mikoba yenye mashine za kupima shinikizo, ili wawapime watu majumbani. Na tangu Oktoba 1, 2024, ambapo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF, mpango uliowekwa na sheria ni kwamba aliyejisajili ahudumiwe katika zahanati na vituo vya afya bila malipo. Dawa zikikosekana kwenye rafu, jambo ambalo hutokea, karatasi ya daktari inatosha kununulia haidroklorothiazidi katika duka la dawa. Ni miongoni mwa dawa za presha za bei ya chini kabisa, na pengo la majuma mawili huigharimu familia zaidi.

Limebaki suala la Ramadhani, ambalo kwa Waislamu wa mitaa hii si dogo. Mfungaji anayemeza kidonge cha mkojo wakati wa daku hupoteza maji asubuhi ile, kisha hukaa na kiu katika joto hadi magharibi. Wengine huacha dawa zote kwa mwezi mzima, jambo la hatari zaidi. Njia ya salama ni kumwona daktari majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Anaweza kuihamishia dawa kwenye futari, kupunguza kipimo, au kuibadilisha kwa muda na nyingine isiyotoa maji. Maji yanywewe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, na futari yenyewe isigeuke kuwa karamu ya sambusa, bajia na achari. Mwenye moyo uliolegea, figo dhaifu au aliyepata kiharusi karibuni huenda akashauriwa asifunge, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Anayeshikwa na kizunguzungu kikali, moyo kwenda mbio au kukosa mkojo mchana kutwa afungue, anywe maji, na apimwe siku hiyo hiyo bila kungoja adhana ya magharibi.